Mjadala: Kipengele cha jinsia kwenye mipango ya afya na mazingira Tanga, ni kazi au ni kujaza fomu?

Bint Makorora
Wanajamvi, salaam. Kila andiko la mradi wa maji, vyoo au kingatiba (kumezesha dawa watu wote wa eneo) linadai kipengele cha jinsia, na kila mwaka kinachoandikwa ni kilekile: "wanawake watashirikishwa". Nukta. Swali langu: kiendelee au kifutwe? Mimi nasema kibaki, ila kiandikwe kwa saa, vipimo na fedha.

Chukueni kingatiba ya matende na mabusha. Mgawa dawa anapita nyumba kwa nyumba asubuhi, saa 3 mpaka saa 6. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa siku za giza, mbalamwezi wanapumzika. Ukipanga siku za giza, wanaume umewakosa: usiku wako baharini, asubuhi wanauza au wamelala. Ukipanga mbalamwezi, hapo ni bamvua, maji ya bahari yanatoka kabisa kwenye saa 4 asubuhi, na wanawake wanaolima mwani wako shambani ufukweni mpaka maji yarudi. Mgawa dawa anagonga mlango, anakuta watoto na babu. Panga mbalamwezi hiyohiyo, lakini jioni baada ya chakula. Wote wapo, na vidonge vyenyewe havifai kumezwa na njaa. Hiki ndicho kipengele cha jinsia, wala hakihitaji semina ya hotelini.

Maji nayo: Sera ya Maji ya 2002 ilitaka lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kimoja cha kuchotea kwa watu 250, na kisizidi mita 400 toka nyumbani. Kaya ya watu 6 ni lita 150, yaani ndoo saba na nusu za lita 20. Anayeamua kituo kikae wapi ni mwanamume aliyekaa barazani na kikombe cha kahawa, hajawahi kujua ndoo ina uzito gani.

Mgosi wa Pongwe
Dada yangu, umeanza vizuri ukamalizia kwa matusi. Hao wa barazani ndio waliochimba mtaro wa bomba kwa jembe na sururu, mita moja kwenda chini, kwenye mawe ya matumbawe. Hakuna kahawa pale. Na kituo cha maji hakikai anapotaka mtu, kinakaa msukumo unapofika. Tangi likiwa chini ya kitongoji, hata kamati yote iwe ya akina mama, maji hayapandi.

Bint Makorora
Kaka, msukumo naujua. Nazungumzia vituo viwili ambavyo maji yanafika vyote, kinachaguliwa kilicho karibu na nyumba ya mwenyekiti. Na lile la ratiba ya bamvua umeliruka.

Mgosi wa Pongwe
Sijaliruka, nalifikia. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inataka robo ya halmashauri ya kijiji wawe wanawake. Wapo. Wanapewa uhazini, wanapika chai ya kikao. Miradi yenyewe waja leo waondoka leo. Halafu mkisema jinsia mnamaanisha wanawake tu. Busha anaugua nani, mwanamke?

Kijana Sahare
Hahaha mgosi umenena. Busha ni madafu hayo. Watu waache kunywa madafu asubuhi, ugonjwa umekwisha, bajeti imeokolewa.

Nahodha Kigombe
Madafu tena? Mkwezi anakunywa madafu tangu utoto na hana kitu. Mwingine hajagusa dafu, anatembea na kanzu kubwa.

Kijana Sahare
Kanzu kubwa ni heshima, nahodha.

Bwana Afya Mstaafu
Vijana, madafu yaacheni kwa mwenye kiu. Kinacholeta busha na matende ni minyoo wadogo wanaoletwa na mbu. Mashambani mara nyingi ni mbu walewale wa malaria, anofelesi. Mjini ni kuleksi, yule anayezaliana kwenye maji machafu: shimo la choo lenye maji, karo lililopasuka mfuniko, mtaro ulioziba. Pwani yetu maji ya ardhini yako juu. Ukichimba choo kirefu kama cha Lushoto kule milimani, unachimba bwawa la mbu. Kitako cha shimo kibaki walau mita 2 juu ya maji ya ardhini. Haiwezekani? Inua choo kwa matofali, weka ngazi. Bomba la hewa lipite juu ya bati kwa nusu mita, na wavu juu yake usiotoboka. Wavu ukioza, bomba zima ni pambo.

Choo chenye maji tayari: Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, walimwaga chengachenga nyeupe za plastiki nyepesi, jamii ya zile za kwenye maboksi ya televisheni, punje za milimita 2 au 3. Zinaelea, zinafunika maji kwa tabaka la sentimita moja hivi. Kiluwiluwi hapati pa kutolea pumzi, mbu jike hapati pa kutagia. Pamoja na dawa kwa watu, ugonjwa ulishuka sana. Kinachoharibu ni gari la majitaka likinyonya shimo, au mafuriko yakizimwaga nje.

Mgosi wa Pongwe
Asante mzee wangu. Sasa hapo jinsia iko wapi? Mbu hachagui.

Bi Mwanzange
Mbu hachagui, daftari linachagua. Nyie mnacheka kanzu, mie niwaambie la vidonge. Dozi ya ivamektini, dawa ya hiyo minyoo, ni kwa urefu wa mtu: sentimita 90 hadi 119 kidonge kimoja, 120 hadi 140 viwili, 141 hadi 158 vitatu, 159 na zaidi vinne, na kidonge kimoja cha albendazoli, dawa nyingine ya minyoo, juu yake. Mjamzito hapewi. Aliyejifungua hapewi wiki ya kwanza. Mahututi hapewi. Sawa kabisa. Sasa mgawa dawa, kijana wa mtaa, anasimama mlangoni, baba mkwe yupo, mawifi wapo, anauliza kwa sauti: "Una mimba?" Msichana ambaye hajaolewa atajibu nini? Ama anasema hana na kumeza, ama anasema hataki, na anaandikwa mkaidi.

Halafu daftari lenye safu moja tu ya "hakumeza": mjamzito, mvuvi aliye baharini na anayeogopa dawa, wote kapu moja. Mwanamke anayezaa kila baada ya miaka miwili anaweza kurukwa raundi mbili tatu, na mnyoo mkubwa anaishi mwilini miaka kadhaa. Weka safu tatu, na anayeuliza la mimba awe mwanamke, amwite pembeni. Aliyerukwa arudiwe akishajifungua. Gharama ni wino.

Kijana Sahare
Bi Mwanzange umesema anayeogopa dawa. Kwa nini asiogope? Zile dawa zinaua nguvu za kiume, mtaani kila mtu anajua. Mbona zinaletwa bure?

Bi Mwanzange
Usiwe kondoo, mwanangu. Dawa ya minyoo inaua minyoo. Kama nguvu zako ni minyoo, pole.

Nahodha Kigombe
😂😂 Dogo kalale.

Kijana Sahare
Matusi ya nini sasa? Basi niambieni, baba yangu mdogo kameza raundi zote na busha liko palepale. Si mlisema dawa?

Bwana Afya Mstaafu
Hakuna aliyesema hivyo. Vidonge vinapunguza vijidudu kwenye damu ili mbu asiwabebe kwa mwingine. Busha lililokwisha jaa maji halinywei kwa kidonge, linataka upasuaji wa kutoa mfuko ulioshika maji. Kulifyonza kwa sindano ni kupoteza muda, maji yanarudi, na sindano chafu inaleta usaha. Na hapo Mgosi ana hoja: wanaume wanajificha. Kambi ya upasuaji ikitangazwa kwa spika ya msikitini kwa jina la busha, hawaji. Ikitangazwa "upasuaji mdogo wa wanaume", wanakuja. Baada ya hapo hakuna kubeba mzigo wala kuvuta nyavu kwa wiki kadhaa, kwa hiyo usiiweke siku za giza zinapoanza. Mvuvi ataacha wodi aende baharini, mshono ufumuke.

Nahodha Kigombe
Hilo la giza ni kweli tupu. Ila mnasahau mguu wa tende. Anayeuosha ni nani? Sabuni, maji safi, mara mbili kwa siku, kukausha katikati ya vidole, kuuinua ukilala. Hizo ni ndoo nyingine juu ya zile saba na nusu.

Mgosi wa Pongwe
Haya, hata nahodha kahamia kwa akina dada. Bint Makorora afute lile la barazani kwanza, ndipo tuendelee.

Bint Makorora
Silifuti. Nawauliza tena: ratiba ya jioni, mnaikubali au hapana?

Mgosi wa Pongwe
Jioni nani atamlipa mgawa dawa? Posho ni ya siku, na usiku mbwa wapo.

Bint Makorora
Saa tatu za asubuhi zinahamia jioni, posho ileile. Watembee wawili, mwanamke na mwanamume, la mimba lina wake na la busha lina wake.

Mgosi wa Pongwe
Wawili ni posho mbili.

Bi Mwanzange
Mkiwa wawili, mmoja anapima urefu, mwingine anaandika, nyumba zinakwisha haraka. Idadi ya siku inapungua.

Bwana Afya Mstaafu
Jioni kuna tatizo jingine hamjaliona. Fimbo ya kupimia urefu yenye mistari ya rangi tupu kuonyesha dozi, kwa taa ya simu nyekundu na kahawia ni kitu kimoja. Andikeni idadi ya vidonge kwa tarakimu kubwa nyeusi kwenye fimbo yenyewe, na chini isilike. Fimbo iliyolika sentimita 2 inamuongezea dozi kila aliye mpakani.