Naomba ushauri: mtindi wa barafu unatoka majimaji wateja wakifuatana

Wakuu, naomba ushauri kuhusu mashine ya mtindi wa barafu, ile ya mteja kujikamulia mwenyewe kikombeni na kulipia kwa uzito. Familia zikija mfululizo, vikombe vya mwanzo vinasimama vizuri, vinavyofuata ni uji. Mchanganyiko unamiminwa ukiwa nyuzijoto 4, kondensa (sehemu inayotoa joto nje ya mashine) imesafishwa, feni inazunguka. Nashuku visu vya kukwangua ndani ya silinda: vikilika, ganda la barafu hushika ukutani na ubaridi haupenyi hadi katikati. Kuongeza ugumu kwenye mpangilio sitaki, maana hapo mashine ikikaa bila mteja hutoa chengachenga na mota huelemewa. Je, nianze na visu, au silinda ni ndogo tu kwa foleni hiyo? Na wanaopunguza sukari, ambayo huchelewesha mtindi kuganda, mnarekebisha nini?