Kioo cha darubini bado hakijang'aa, fokasi naipimaje?

Mchanga_Mdogo: Asalaam alaykum wataalamu. Niko Jambiani nasaga kioo cha darubini kwa mkono, kipenyo inchi 6, nataka fokasi iwe kama sm 120 maana bomba nshalinunua. Nipo kwenye unga wa karborandamu namba 120, kioo kishabonyea lakini kimefifia kama dirisha la choo, hakiakisi kitu. Ntajuaje nimefika wapi kabla sijaingia unga laini?

Kaskazi77: Waalaykum salaam. Kioshe unga wote utoke, kisha kiroweshe maji, yale maji ndo yatakung'arishia kwa muda. Elekeza kwenye jua, mwanga urudi kwenye kibao, sogeza kibao mbele nyuma mpaka doa liwe dogo kabisa, pima toka kioo mpaka kibao basi hiyo ndo fokasi. Kwa sm 120 doa la jua litakuwa kama sm 1 na ushee. Usifanye adhuhuri jua liko utosini utahangaika bure, ngoja baada ya alasiri likishainama usimamishe kioo wima. Tia sabuni kidogo kwenye maji maana upepo wa kusi unakausha sasa hivi tu.

fundi_mkunazini: Yakhe doa lenyewe linatetemeka hujui dogo lipi. Chukua rula ya chuma ilonyooka, laza ukingo mpaka ukingo, pale katikati ingiza vibati vya fila vya mafundi gari, vile vyembamba vya kupimia upenyo, unene unaoingia ndo kina. Nusu kipenyo mara yenyewe, gawa kwa kina mara nne. Kwako kina kikifika mm 1.2, ni 76 x 76 gawa kwa 4 x 1.2, inakuja mm 1203.

BintWete: Fila sawa kaka, ila ukikosea sehemu moja ya kumi ya milimita tu ushapotea sm 10 nzima. Afanye zote mbili. Kikishang'aa aache jua kabisa, kitaunguza kibao na macho pia, atumie tochi usiku: tochi na picha yake zikikaa ubavu kwa ubavu zote kali, umbali ule ni fokasi mara mbili, agawe kwa 2.

Mchanga_Mdogo: Ahsanteni. Jua limenipa sm 131, fila ya 1.1 inaingia 1.2 inagoma.

Kaskazi77: Zimekubaliana hizo. Endelea kusaga kioo kikiwa juu ya kile unachosagia kizidi kubonyea, ukipitiliza geuza kiwe chini. Na bomba usilikate kwanza.