Kwa nini Hester alirudi? Nimeshindwa kukubaliana na wenzangu kuhusu The Scarlet Letter

Mama Msomaji aliuliza:

Wapendwa, naomba mnisaidie, maana ni siku ya tatu leo sijatulia.

Tuko watu saba. Kila mwezi tunasoma riwaya moja, kisha tunakutana kuijadili. Safari hii zamu ya kuchagua ilikuwa yangu, nikachagua The Scarlet Letter ya Nathaniel Hawthorne, iliyotoka mwaka 1850. Niliisoma mara ya kwanza nikiwa na miaka 19, nikaimaliza kwa hasira na kuitupa chini ya kitanda. Sasa nina miaka 43 na binti wa miaka saba, umri wa Pearl, binti wa Hester kitabuni, hadithi inapofikia kilele, na nimeisoma taratibu, sura moja kila usiku baada ya mtoto kulala.

Kwa asiyeijua: ni Boston ya miaka ya 1640, koloni la Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali wa dini. Hester Prynne anatolewa gerezani na kichanga cha miezi mitatu mikononi, anapandishwa jukwaa la mkatale mbele ya mji mzima, na kifuani ana herufi A nyekundu, ya neno "adultery", yaani uzinzi, aliyoitarizi mwenyewe kwa uzi wa dhahabu. Mumewe alimtanguliza kutoka Ulaya, kisha hakuonekana. Wakubwa wanamtaka amtaje baba wa mtoto. Hamtaji. Na baba ni mchungaji Arthur Dimmesdale, ambaye yuko juu ya roshani pale pale, na ndiye anayeagizwa amsihi huyu mwanamke aseme.

Kikundi chetu kilimaliza habari za Dimmesdale kwa dakika kumi: mwoga, mnafiki, mwanamume aliyemwachia mwenzake mzigo wa wawili. Sikubisha sana, ingawa lile ombi lake kutoka roshani linanichoma kila nikilisoma. Anamwambia Hester asimwonee huruma huyo mtu, amtaje tu, kwa sababu ni heri ashuke kutoka mahali pa heshima kuliko kuficha moyo wenye hatia maisha yake yote. Anamwomba mwanamke afanye kile alichoshindwa yeye. Kuna watu wanasoma hapo wakaona unafiki; mimi naona mtu anayezama akimnyooshea mkono yule aliyekwisha kuzama.

Ila tulichogombania si yeye. Ni Hester wa kurasa za mwisho. Dimmesdale anakufa jukwaani, Hester na Pearl wanaondoka kwenda ng'ambo. Miaka inapita. Siku moja Hester anaonekana peke yake mlangoni pa kile kijumba chake kando ya bahari, anaingia, na kifuani ana ile herufi. Hakuna hakimu aliyemwamuru. Anaivaa hadi kufa.

Watano kati yetu walisema mwandishi aliharibu kazi nzima hapo. Mmoja alisema Hester amefungwa muda mrefu hadi hajui kuishi bila mnyororo. Kauli hiyo ndiyo inayoninyima usingizi, kwa sababu mimi sikuona mnyororo wowote. Niliona mtu aliyerudi kwake. Lakini niliposukumwa nieleze nilibabaika, nikanyamaza, na nikarudi nyumbani nikiwa na uchungu kana kwamba aliyesemwa ni ndugu yangu.

Ninyi mlipofika pale mlihisi nini? Na mlishika neno gani katika kitabu chenyewe?

Kurasa za Alfajiri alijibu:

Shikamoo mama. Mimi niko upande wa wenzako, niwie radhi.

Rudi sura ya 18, pale msituni. Hester anaivua herufi na kuitupa, anavua kofia, nywele zinamwagika mabegani, na jua ambalo siku nzima lilikuwa linamkimbia linashuka ghafla na kumwagika msitu mzima. Nilipofika hapo nilisimama nikasoma nikitembea chumbani. Nilidhani sasa mwandishi amefungua mlango. Kumbe ni dakika chache tu. Pearl anakataa kuvuka kijito mpaka mama yake aivae tena, na kuanzia hapo kila kitu kinarudi gizani.

Halafu jukwaani, Dimmesdale anakata roho, Hester anamwuliza kama hawatakutana tena katika maisha yajayo. Anamnyamazisha, anamkumbusha sheria waliyoivunja. Miaka saba ya kimya chake, na hata tumaini dogo hilo anamnyima! Mwanamke aliyejibiwa hivyo akirudi kuvaa alama ya hukumu, mimi siwezi kuita kurudi nyumbani. Naita kuvunjika.

Karani wa Kale alijibu:

Niongeze historia kidogo, maana inabadilisha uzito wa ile herufi.

Kwa sheria za koloni la Massachusetts za mwaka 1641, uzinzi ulikuwa kosa la kifo. Si maneno matupu: mwaka 1644 Mary Latham na James Britton walinyongwa kwa kosa hilo. Kwa hiyo mtu mmoja katika umati wa Hester anaposema kwamba mahakimu wamemhurumia, anasema kweli kwa vipimo vya siku zile. Kuvalishwa herufi nako hakukubuniwa na mwandishi. Koloni jirani la Plymouth liliandika sheria ya namna hiyo mwaka 1658, kwa herufi AD, na Massachusetts ikafuata na herufi A mwaka 1694.

Tena Hawthorne alizaliwa Salem. Babu yake wa kale John Hathorne alikuwa mmoja wa mahakimu wa kesi za uchawi za 1692, na baba wa huyo, William, aliwatesa Waquaker, Wakristo wa dhehebu jingine. Katika ule utangulizi mrefu wa kitabu, unaohusu ofisi ya forodha, ambao wengi huuruka, mwandishi anasema waziwazi kwamba anaibeba aibu ya wazee hao na kuomba laana yao iondoke. Nawasihi msiuruke. Kitabu hiki kimeandikwa na mjukuu wa waliovalisha wengine herufi.

Kwa hiyo nikifika mwisho natazama jambo moja: nani ameishika ile herufi? Mwanzoni ni mali ya mahakama. Mwishoni mwandishi anasisitiza kwamba hata hakimu mkali kuliko wote wa zama zile asingethubutu kumlazimisha kuivaa. Imetoka mikononi mwao. Kama hilo linatosha kuitwa uhuru, sijaamua bado, lakini mnyororo una mwenye ufunguo, na hapa ufunguo anao yeye.

Sindano na Uzi alijibu:

Mimi ni fundi, natarizi kwa mkono, na nimeisoma riwaya hii kwa macho hayo. Dada yangu, jibu lako liko kwenye sindano.

Hester aliitarizi ile herufi gerezani. Aliyewahi kutarizi kwa uzi wa dhahabu anajua kazi ile haiendi haraka. Uzi unakatika, unajikunja, unataka subira. Mahakama ilitaka doa, yeye akaipa kazi ya fundi, na wanawake wa umati walikasirika kwa sababu hiyo hasa: alama ya aibu ilikuwa nzuri kuliko nguo zao. Baadaye mji ule ule unavaa kazi ya mikono yake. Kola ya gavana, mishipi ya askari, kofia za vichanga, sanda za maiti. Kitu kimoja tu hawamwagizi, shela ya bibi harusi. Nilipofika hapo nililia, kwa kuwa najua maana ya mteja kukukataza kushika nguo fulani.

Sasa tazama mwisho. Amerudi kijumbani, na watu wanamwona akitarizi nguo ya mtoto mchanga, yenye nakshi nyingi za dhahabu kiasi kwamba mtoto wa pale akivalishwa ungezuka mtafaruku. Ni ya mtoto wa Pearl, hata kama mwandishi hasemi moja kwa moja. Ninyi mnaosema amevunjika, mtu aliyevunjika hatarizi hivyo. Mkono wenye huzuni ninaujua, unakaza uzi.

Kijito alijibu:

Na kaburi je? Wanazikwa karibu, jiwe ni moja, lakini kati ya makaburi mawili kumeachwa nafasi, kana kwamba mavumbi yao hayaruhusiwi kuchanganyika. Juu ya jiwe, herufi A nyekundu juu ya weusi. Fundi umenigusa, ila nafasi ile siwezi kuisamehe.

Mama Msomaji alijibu:

Nimesoma majibu yenu mara mbili, na baada ya fundi kuzungumza nimerudi kitabuni usiku huu huu.

Katika sura ya tano mwandishi anauliza kwa nini Hester hakuondoka Boston mapema, wakati hakuna aliyemzuia. Anatoa sababu mbili. Moja Hester anajiambia mwenyewe: hapa nilikosea, hapa nitaadhibiwa. Nyingine anaisukumia chini moyoni na kuifungia: hapa ndipo anapoishi yule mwanamume. Sasa anaporudi uzeeni, Dimmesdale amekwisha kufa zamani. Ile sababu ya siri haipo. Kwa hiyo Hester wa mwisho si yule wa mwanzo, na hicho ndicho nilichoshindwa kuwaeleza wenzangu.

Na anachofanya baada ya kurudi? Wanawake wanakuja mlangoni kwake, walioumizwa na mapenzi, walioachwa, wasiotakiwa na mtu, wanauliza kwa nini wana majonzi na dawa ni nini. Anawaambia itakuja siku ambapo mwanamume na mwanamke wataishi pamoja kwa msingi ulio bora zaidi. Kwa nini waje kwake na si kwa mchungaji? Kwa sababu ya ile A. Wanaiona kabla hajafungua mdomo, na wanajua hapa hawatahukumiwa.

Kijana wa alfajiri, marahaba. Swali lako la jua la msituni sina jibu lake. Hata mimi nililitaka lile jua libaki. Binti yangu aliniuliza juzi kwa nini nasoma huku nimekunja uso, nikamwambia kuna mtoto amekataa kuvuka kijito mpaka mama yake afanane na mama anayemjua. Akasema angekataa pia. Nimekuwa nikilifikiria jibu hilo kuliko maneno ya kikundi kizima.

Jumamosi tunakutana tena. Nitaanza na ile nguo ya mtoto mchanga.