Hashi brauni nyumbani: viazi vibichi, vya kuchemshwa jana, au vya kugandishwa dukani?

DadaWaNjiro (Arusha)

Wakuu, habari za jioni. Naomba tulinganishe hili kwa kina, maana wapishi wapo wengi humu. Nataka hashi brauni, yaani viazi vya kukwaruzwa vinavyokaangwa bapa, kama zinavyotoka kwenye migahawa ya asubuhi ya Marekani: juu kahawia na kavu, ukikata kwa uma unasikia, ndani laini, na sahani isibaki na dimbwi la mafuta. Viazi vipondwe vikawa kachori bapa, hapana. Vikolee mafuta kama zege (chipsi mayai) la jana, hapana pia.

Nina jiko la gesi, flampeni nzito ya chuma na chuma cha chapati. Viazi nanunua soko la Kilombero. Njia ninazozijua ni tatu: kukwaruza viazi vibichi, kuchemsha kidogo usiku na kukwaruza asubuhi, au kununua vilivyogandishwa. Ipi inafaa kwa mtu anayepika nyumbani Jumamosi asubuhi, familia ya watu watano? Na sababu zake, tafadhali, siyo "mimi napenda hii" tu.

FundiSufuria (Moshi)

Dada, nipo jikoni hotelini miaka mingi na nasimama na vibichi. Ladha ya kiazi inabaki yote, na pembeni zile nyuzi zinakauka vizuri ambavyo kiazi cha kuchemsha hakifikii.

Ila kazi yote iko kwenye maji. Kiazi karibu asilimia 80 ni maji, na maji yakiwepo kwenye chuma, kiazi hakikaangwi, kinachemka. Rangi ya kahawia na ile harufu vinataka uso wa kiazi uvuke nyuzijoto 140 hivi, na penye maji joto haliendi mbali zaidi ya kuchemka.

Kwaruza kwenye matundu makubwa, tumbukiza moja kwa moja kwenye beseni la maji baridi ili visigeuke rangi. Vuruga kwa mkono. Maji yatakuwa meupe kama tui. Huo ni wanga. Mwaga, weka mengine, rudia mpaka uone chini ya beseni. Halafu weka viazi kwenye kitambaa safi cha pamba, kusanya ncha, nyonga. Ukidhani yamekwisha, vifungue, vitikise, vikunje upande mwingine, nyonga tena. Duru hii ya pili ndiyo watu wanaiacha, na humo mnatoka maji mengi bado. Viazi vikiwa tayari vinaachiana vyenyewe vidoleni.

Wanga usiooshwa unafanya gundi: nje inaungua haraka, ndani inabaki uji.

MpishiWaMlima (Moshi)

Shikamoo kaka Fundi. Sikupingi kwenye maji, ila kwa nyumbani mimi namshauri dada achemshe usiku.

Napikia wageni wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Kule juu maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha: kambi ya Horombo, mita 3,720, yanachemka kwenye nyuzijoto 87 au 88 hivi. Kiazi kibichi kule kinakula gesi mpaka unahurumia mtungi. Kwa hiyo viazi vya siku za mwanzo nachemsha huku huku Moshi, vinapoa, vinapanda vikiwa tayari kukwaruzwa. Hata Arusha mjini, mita kama 1,400, maji yanachemka kwenye 95, kwa hiyo dada usifuate dakika za mapishi ya watu wa pwani. Fuata kisu.

Chemsha kiazi kizima na ganda lake, anza na maji baridi yenye chumvi. Chomeka kisu chembamba: kikiingia sentimita moja laini halafu kikakutana na ugumu katikati, toa. Ukingoja kiive chote, kikwaruzio kitakupa mashi. Acha kipoe, kisha friji usiku kucha bila kufunika, ganda likauke. Ule wanga ulioiva ukipoa unakaza, na asubuhi kiazi kinakwaruzika nyuzi ndefu zinazojitegemea. Huhitaji kuosha wala kunyonga. Hata kugeuka rangi hakisumbui kama kibichi, maana moto umeshaua kile kinachokigeuza.

Waswisi wana rösti yao, ndugu wa hashi brauni kabisa, na wengi huko wanachemsha viazi jana yake vilevile.

Asha_Majengo (Moshi)

Mimi na watoto wa shule tunakula vya kugandishwa na naviheshimu. Kiwandani vimeshapitishwa kwenye moto, vimepunguzwa maji, ukubwa ni mmoja. Sharti moja: vitoke kwenye friza viende kwenye mafuta ya moto bila kuyeyuka. Vikiyeyuka vinatoa maji, na umeme ukikatika vikayeyuka halafu vikaganda tena, vinakuwa rojo. Bei pia, kwa hela hiyo ya pakiti unapata viazi sokoni vya wiki nzima.

MkulimaKaratu

Mnabishana njia na hamjauliza kiazi. Kiazi kichanga chenye ganda linalotoka kwa kidole ni cha mchuzi. Kina maji mengi na wanga kidogo. Kwa kazi hii tafuta kilichokomaa shambani, ganda limekaza. Ukitaka kuhakikisha, changanya chumvi kikombe kimoja na maji vikombe kumi na moja, tumbukiza. Kinachozama kina wanga wa kutosha, kinachoelea kina maji mengi. Maji hayo hayo unapima viazi vyote.

La pili, viazi vibichi msiweke kwenye friji. Baridi inageuza wanga kuwa sukari, na sukari inaungua nyeusi kabla ndani hakujaiva. Viwekeni gizani, pakavu, penye hewa. Vya kuchemshwa ndivyo vya friji. Na chenye kijani kikatwe eneo lote, au kitupwe kama kimeenea. Ile ni dalili ya sumu, nayo haiondoki kwa kukaangwa.

FundiSufuria

Mzee wa Karatu umesema. Wauzaji wengi wanachanganya kwenye gunia moja la lumbesa, vya juu vizuri, vya chini vichanga, kwa hiyo kupima ni muhimu.

Kaka wa mlima, nakukubalia kwamba cha kuchemsha hakimwangushi mtu. Lakini pika vyote siku moja, uweke sahani mbili mezani. Cha kuchemsha kina ukoko mmoja mzuri juu na ndani kama mashi nyepesi. Kibichi kina nyuzi nyuzi mpaka katikati. Dada alisema anataka kusikia uma.

MpishiWaMlima

Na alisema ndani laini pia kaka. Tena watu watano: kibichi lazima kikwaruzwe asubuhi hiyo hiyo, kioshwe, kinyongwe, na kikisubiri kinageuka kijivu. Cha kuchemsha anaamka, anakwaruza, anapika.

DadaWaNjiro

Asanteni sana, nimeelewa kuliko nilivyotegemea. Sasa mafuta na chombo. Flampeni au chuma cha chapati? Siagi au alizeti?

MamaNgarenaro (Arusha)

Mwanangu, chukua chuma cha chapati. Wale wa migahawa ya Marekani wanapikia kwenye bamba pana la chuma, na chuma chako ndicho kinachokaribia: kimetanuka, kizito, hakina kingo, mvuke unaondoka badala ya kurudi kwenye viazi. Flampeni yenye kingo ndefu inafaa pale unapotaka kufunika, na viazi vibichi vinataka kufunikwa dakika mbili tatu za mwanzo viive ndani, kisha unafunua.

Siagi peke yake itakuunguzia. Yale maziwa yaliyomo ndiyo yanayogeuka meusi. Samli haina tatizo hilo. Alizeti vijiko viwili, samli kijiko kimoja, unapata harufu na moto unavumilika. Tandaza viazi unene wa sentimita moja, gandamiza kidogo kwa kijiko bapa, halafu toa mkono. Usichungulie kila dakika. Ukiona pembeni pamekuwa kahawia na ukitikisa chuma kipande chote kinateleza pamoja, ndipo ugeuze. Kikiwa bado kimeshika, hakijawa tayari. Kama ni kipana, kitelezeshe kwenye sahani, funika na chuma, pindua vyote.

DadaWaNjiro

Shikamoo mama, na asante. Jumamosi naanza na vya kuchemsha kwenye chuma cha chapati, vya kuzama kwenye maji ya chumvi tu. Vibichi nitavipika siku ya mapumziko nikiwa na nafasi ya kunyonga vizuri. Vitunguu naweka lini?

MpishiWaMlima

Vitunguu vina maji na sukari, ukivichanganya mwanzo vinaungua na kulowesha viazi. Vikaange pembeni, vimwage juu baada ya kugeuza. Na chumvi nyunyiza viazi vikiwa kwenye chuma, siyo kwenye bakuli, maana ikikaa inavuta maji yatoke.