Kikundi cha ukoo, Mtwara na Newala: dawa ya kumpaka mtoto anayewashwa

Shangazi Somoe: Assalamu alaykum, wana ukoo. Mjukuu wangu wa miaka 4 anajikuna usiku kucha, hasa katikati ya vidole na kiunoni, na mama yake naye ameanza. Hapa nyumbani tuna kalamaini, mafuta ya nazi na tyubu ya krimu ambayo muuzaji wa duka la dawa alisema inatibu kila kitu. Nimpake ipi?

Mjomba Issa: Waalaykum salaam, dada. Huo ni upele. Msimu huu kila nyumba huku Newala ina salfa ya mikorosho; chota kijiko, changanya na hayo mafuta ya nazi, umpake. Wazee wetu walitibu upele kwa salfa na wakapona.

Mwajuma (muuguzi): Shikamooni, shangazi na mjomba. Mwasho unaozidi usiku na kuhamia kwa wanaolala pamoja mara nyingi huwa ni upele kweli. Ni kweli pia kwamba salfa huutibu, ila marhamu yake hutengenezwa kwa salfa iliyosafishwa, asilimia 5 hadi 10, ikachanganywa na vaselini. Salfa ya kupulizia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, imekusudiwa majani na maua ya mkorosho, na kijiko hakiwezi kukuambia ni asilimia ngapi. Mjomba anajua jinsi macho na ngozi za wapulizaji zinavyowasha, sembuse mtoto aliyekwisha kujichubua.

Mjomba Issa: Hilo la macho silikatai.

Mwajuma (muuguzi): Shangazi, tafadhali nisomee yaliyoandikwa kwenye tyubu.

Shangazi Somoe: Betamethasoni, klotrimazoli na gentamisini.

Mwajuma (muuguzi): Iweke kando. Betamethasoni hutuliza mwasho upesi, ndiyo maana watu huisifu, lakini haiui wadudu wa upele. Na mwenye choa akiipaka, duara hufifia huku fangasi wakiendelea kusambaa, na akizoea kuipaka kwa muda mrefu ngozi yake huwa nyembamba. Kalamaini itampoza mahali pasipochubuka, na mafuta ya nazi yanafaa ngozi kavu, lakini hakuna kati ya hizo inayotibu upele wenyewe.

Mpeleke zahanati kesho wamtazame, hasa ukiona usaha. Wakithibitisha, huenda wakampa BBE, yaani dawa ya maji ya kupaka ya benzili benzoeti, ambayo ni ya asilimia 25 na kwa mtoto wa umri wake huchanganywa na maji kwa kiasi sawa. Hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni kwenda chini, si pale panapowasha tu, na nyumba nzima hupaka siku hiyohiyo. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Visivyofulika vifungwe ndani ya mfuko kwa siku 3 au zaidi. Mwasho unaweza kuendelea kwa wiki 2 hadi 4 hata wadudu wakiwa wamekufa, kwa hiyo msirudie dawa ovyo.

Shangazi Somoe: Nimekuelewa, mwanangu. Ila babu yenu amekataa, anasema yeye hawashwi.

Mwajuma (muuguzi): Anayeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, na muda huo wote anawaambukiza wengine. Naomba apakwe naye.

Shangazi Somoe: Nimemsomea ujumbe wako, amekubali, ila anauliza kama dawa hiyo ina harufu.

Mwajuma (muuguzi): Ina harufu, na itamchoma kidogo. Mwambieni mapema.