Wrestle Kingdom 11 kwa macho ya shabiki wa kawaida: nikate nini, nibakize nini?

Kijana wa Ntinda

Wapenzi wa mieleka, habari za leo. Jumamosi kuna watu kama kumi watakaoangalia mieleka ya Japani kwa mara ya kwanza. Wote wamelelewa na WWE. Cena wanamjua, Undertaker wanamjua, Okada hawamjui hata kwa picha. Nimechagua Wrestle Kingdom 11, shoo ya kampuni ya New Japan (NJPW), Tokyo Dome, tarehe 4 Januari 2017. Nimeshaiangalia yote na maoni yangu ni haya, mnisahihishe.

Mwanzo unachosha. Rumble ya ufunguzi, lile pambano la watu wengi kwa pamoja, ni vichekesho. Tiger Mask W ni katuni iliyovaa soksi. Cody na Juice Robinson ni pambano ambalo ungeliona popote. Mkanda wa ROH (Ring of Honor) kati ya Adam Cole na Kyle O'Reilly sijui hata ulifikaje Tokyo. Goto na Shibata wanapigana kama watu wanaodaiana. Hiromu Takahashi ana kichaa cha kupendeza. Naito na Tanahashi ni wazuri, ila sikuelewa kwa nini Naito anauchukia mkanda anaoupigania. Pambano kuu, Okada na Kenny Omega: dakika ishirini za kwanza mkono unatafuta simu, kumi za mwisho huwezi kukaa kitini.

Nataka ibaki saa mbili na nusu tu. Nikate nini? Kwa nini watazamaji wamekaa kimya kama wako msibani? Kwa nini refa anawaacha nje ya ulingo muda wote ule? Na hizo nyota sita ambazo mwandishi wa mieleka Dave Meltzer alilipa pambano kuu ni haki kweli? Nitakuwa natafsiri huku inacheza, kama VJ wa kibandani, kwa hiyo nahitaji kujua cha kusema na mahali pa kunyamaza.

Refa wa Jinja

Nianze na sheria, maana hapo ndipo watu wa WWE wanapopotea.

Nje ya ulingo New Japan wanahesabu hadi 20, si 10. Ndiyo maana unaona mtu amelala kwenye sakafu na refa hana haraka. Waambie wageni wako mapema, la sivyo wakifika kumi watapiga kelele kwamba refa amenunuliwa. Cha kuangalia ni mtu anayerudi kwenye 18 au 19: hesabu ndefu imewekwa ili ile mbio ya mwisho iwe na uzito.

Mtu aliyeshika kamba lazima aachiwe, refa akihesabu tano. Pambano la mkanda mkuu wa New Japan, IWGP Heavyweight, lilikuwa na kikomo cha dakika 60, na muda ukiisha bila mshindi bingwa alibaki na mkanda wake. Kwa hiyo saa inayotangazwa ukumbini si pambo. Dakika ya 40 ikitajwa, wewe VJ uitaje pia.

Mkanda wa Junior, ule wa KUSHIDA na Hiromu, ni wa watu wasiozidi kilo 100. Usiseme "wadogo" ukadhani ni wanafunzi. Wanafunzi ni wale vijana wa chupi nyeusi na viatu vyeusi walio pembeni ya ulingo, wanaobeba barafu na kuwakinga watazamaji miili inaporuka. Hao huitwa young lions, na wakipigana hawaruhusiwi mbwembwe: ngwala, kabali, kofi la kifua, na mara nyingi mmoja anakunjwa mgongo kwa Boston crab mpaka anasalimu amri.

Kuhusu ROH, New Japan walikuwa na ushirikiano na kampuni hiyo ya Marekani tangu 2014, ndiyo maana mkanda wake ukatetewa Tokyo.

Dada wa Kamba ya Juu

Kaka Ntinda, bakiza manne: Hiromu na KUSHIDA (kama dakika 16), Goto na Shibata (kama 16 vilevile), Naito na Tanahashi (kama 25), Okada na Omega (46 na sekunde 45). Hiyo ni kama dakika 105 za mieleka yenyewe. Ongeza kuingia ulingoni, nyimbo, video za kabla ya pambano na kukabidhi mikanda, unafika saa mbili na robo. Inatosha na unabaki na nafasi ya kujaza chai.

Usikate video za kabla ya pambano! Watu wanazirusha wakidhani ni matangazo. Zile picha zinamweleza hata asiyejua Kijapani nani alimfanya nani nini.

Sasa Naito. Bila historia hii pambano lake ni watu wawili wanaoumizana magoti. Naito alishinda G1 Climax ya 2013, ligi ya kiangazi, na wakati ule mshindi wa G1 ndiye aliyepewa pambano la ubingwa pale Tokyo Dome tarehe 4 Januari. Alipofika 2014, kampuni ikawaachia mashabiki wapige kura ni pambano gani lifunge usiku. Wakalichagua la mkanda wa Intercontinental, uliokuwa chini ya ule mkuu, Nakamura na Tanahashi, na Naito na Okada wakashushwa hadi nafasi ya pili kutoka mwisho. Hebu fikiria: umeshinda ligi nzima, halafu mashabiki wako mwenyewe wanakuambia ukae pembeni. Mwaka 2015 akaenda Mexico, akajiunga na kundi la Los Ingobernables, akarudi Japani mtu mwingine: haharakishi, hasalimii, mkanda wa Intercontinental anauburuta na kuurusha hewani kama kandambili. Ni mkanda uleule uliomwondoa kileleni, na Tanahashi ni mmoja wa wale wawili waliopewa nafasi yake. Yaseme hayo wakati Naito anavua suti taratibu. Muda anakupa mwenyewe.

Waonyeshe goti. Naito anashambulia goti la Tanahashi kwa sababu Tanahashi anamaliza kwa High Fly Flow, kujirusha kutoka kona ya juu na kutua kifua kwa kifua. Goti likifa, kila akipanda anajiumiza mwenyewe. Mwisho ni Destino: Naito anashika mkono wa mwenzake, anapinduka hewani kama mwana sarakasi na kushuka na kichwa cha mwenzake.

Kwa KUSHIDA fuata mkono. Silaha yake ni Hoverboard Lock, ule mkono unaokunjwa nyuma ya mgongo. Hiromu anajirusha ovyo, KUSHIDA anautafuta mkono. Pambano lote limo katika sentensi hiyo.

Mzee wa Arua

Mimi naongelea mitambo, maana shoo nzuri imeharibiwa mara nyingi na waya wa shilingi elfu tano.

NJPW World ndiyo huduma rasmi ya New Japan ya kuangalia mtandaoni, ilianza Desemba 2014. Wakati ule bei ilikuwa yeni 999 kwa mwezi, na mtego ulikuwa huu: malipo yalifuata mwezi wa kalenda. Ukijiunga tarehe 30, tarehe 1 unakatwa tena. Kwa hiyo kabla hujaweka namba ya kadi soma bei ya leo na siku ya kukatwa, kisha uhakikishe benki imeifungulia kadi yako malipo ya mtandaoni ya nje ya nchi. Kadi nyingi zinakataliwa kwa hilo tu, si kwa kukosa pesa. Fanya hivyo Alhamisi, usisubiri Jumamosi watu wakiwa wameshakaa.

Bando: picha ya 480p inakula kama GB 0.6 kwa saa, ya 720p kama 1.5. Kwa saa mbili na nusu weka GB 2 au 4, na uongeze moja ya dharura, kwa sababu kila ukirudisha nyuma kurudia pigo unapakua upya. Kwenye televisheni ya inchi 32 watu wakiwa wamekaa mita tatu nyuma, 480p inatosha kabisa. Toa picha kwenye laptop kwa waya wa HDMI, kisha uingie kwenye mipangilio ya sauti uchague televisheni, la sivyo picha itakuwa ukutani na kelele kwenye laptop. Zima masasisho ya kompyuta. Simu ya kugawa mtandao iwe kwenye chaji, na isiwe ile unayopigiwa.

Unataka kutafsiri? Kuna sauti ya Kiingereza ya Kevin Kelly na Steve Corino, na kuna ya Kijapani. Chukua ya Kijapani. Ukiweka Kiingereza watu watawasikiliza wao na wewe kwa pamoja, hawatamwelewa yeyote. Kijapani kinakuwa mdundo tu nyuma ya maneno yako. Punguza sauti hadi theluthi unapoongea, ipandishe refa anapopiga mkono chini.

Siku mkitaka kuangalia moja kwa moja, Tokyo iko mbele yetu kwa saa sita. Shoo inayoanza saa kumi na moja jioni kule, Kampala ni saa tano asubuhi.

Refa wa Jinja

Nilisahau swali la ukimya. Kule watu hukaa kimya pambano linapojengwa, halafu hulipuka mtu anapojinasua kwenye mbili na nusu, kabla refa hajahesabu tatu. Kimya chao ni umakini. Siku ile walikuwepo 26,192, na ulingo uko katikati ya uwanja wa baseball, kwa hiyo sauti inachelewa kukusanyika. Dakika ya tano ukisikia wanaguna tu, wewe pia guna. Ukipiga kelele za VJ tangu mwanzo, utakuwa huna pa kupanda Omega atakapoanza kurusha magoti.

Onyo: usichukue shoo za Januari 2021 na 2022 kama za kuanzia. Kwa sababu ya corona mashabiki walikatazwa kupiga kelele, walipiga makofi tu. Mapambano mazuri yamo, lakini mgeni atadhani hakuna anayejali.

Kona Nyekundu

Nyota sita. Dave Meltzer kawaida yake ilikuwa kuishia tano, akatoa sita hapa, na mwaka uleule akawapa haohao sita na robo kwa sare yao ya dakika 60 kule Osaka mwezi Juni. Mwaka 2018 akafika saba. Ukishavunja paa, mvua haikuulizi. Kwangu mimi Naito na Tanahashi ndilo pambano bora la usiku ule, kwa sababu lina dakika 25 na hakuna hata moja ya kukopa. Okada na Omega wangeweza kupunguza kumi za mwanzo na usingekosa kitu.

Dada wa Kamba ya Juu

Kona Nyekundu, punguza hizo kumi uone. Okada pale ni bingwa anayecheza taratibu makusudi: anadhibiti kichwa na shingo, anamlazimisha mwenzake kupumua kwa kasi yake. Omega alishinda G1 ya 2016, mtu wa kwanza asiye Mjapani kuishinda, na kasi ndiyo silaha yake. Ukikata mwanzo, huoni ni lini mchezo ulibadilisha mwenyewe. Unabadilika nje ya ulingo, kwenye meza. Okada anamrusha Omega juu ya kamba ya juu kabisa, anapitiliza hadi nje na kuivunja meza. Hapo, kaka Ntinda, nyamaza. Usitafsiri kitu.

Baada ya hapo wape watu mambo mawili tu ya kushika. La kwanza, Rainmaker ya Okada: anamshika mwenzake kifundo cha mkono kutoka nyuma, anamzungusha, anamvuta na kumchapa shingoni kwa mkono. Na kifundo hakiachii! Omega akipigwa na kujinasua, Okada bado amekishika, anavuta tena. La pili, One-Winged Angel ya Omega: anambeba mtu mabegani na kumshusha kwa shingo. Waambie "akimpata na hii imekwisha." Anaitafuta usiku kucha na haipati hata mara moja. Okada anashinda, lakini swali la "je, angeipata?" ndilo lililouza pambano la Juni. Huko aliipata, na Okada akaokolewa na mguu uliogusa kamba.

Mzee wa Arua

Vijana watakaokuwepo waambiwe jambo moja kuhusu Goto na Shibata. Vile vichwa wanavyogonganisha havina ujanja wa mkono katikati. Miezi mitatu baadaye, Aprili 2017, Shibata alimgonga Okada hivyohivyo, akavuja damu ndani ya fuvu na kufanyiwa upasuaji. Hiromu naye alivunjika shingo Julai 2018 kwa kutua vibaya. Wale wa Mukono wanaopigana kwenye matope walau chini ni laini, na bado wanafunzwa kuanguka kwanza: kidevu kifuani, mikono ipige chini, mgongo wa juu utue kabla ya kichwa. Kwenye zege la uani hakuna sapleksi, yaani kumbeba mtu na kumbwaga kwa nyuma.

Kijana wa Ntinda

Asanteni sana. Manne, Kijapani, 480p, GB 3. Dada, meza nitainyamazia. Swali moja la mwisho: kuna rafiki anapenda vichekesho tu, mieleka ya kuumizana hataki. Nimpe nini?

Kona Nyekundu

Mrudishie pambano la timu tatu, mikanda ya tag, ile ya watu wawiliwawili. Toru Yano alikuwa ameiba mikanda na vikombe vya wenzake akajiingiza mwenyewe kwenye pambano, na mwisho wa usiku yeye na Ishii ndio mabingwa. Kila Yano akiingia ulingoni mwambie rafiki yako ahesabu mito ya kona. Ikianza minne ikabaki mitatu, kuna mtu karibu atagonga chuma.