Mrejesho: jaribio la kupasha misuli na kuruka juu

Swali lilikuwa: wanafunzi wa kidato cha tatu, Dodoma, watapimaje kama kupasha misuli kunaongeza kimo cha mruko, bila mashine?

Ushauri wa kutogawa makundi mawili tofauti ndio uliookoa kazi. Kila mmoja analinganishwa na yeye mwenyewe: nusu wanaanza kwa kupasha, nusu bila, kisha siku nyingine wanabadilishana, saa ileile. Hivyo mazoea ya kuruka hayahesabiwi kama faida ya kupasha.

Mwanafunzi anasimama ubavu ukutani, visigino chini, vidole vina chaki, anagusa juu kabisa. Anaruka bila kukimbilia, anagusa tena. Tofauti ya alama hizo ndiyo kimo. Miruko mitatu, dakika moja ya kupumzika katikati. Kosa linalojirudia ni bega kutonyooshwa kwenye alama ya kwanza; sentimita zilizofichwa pale huonekana kama za mruko. Mpimaji awe yuleyule, na asijue nani amepasha.

Kupasha ni dakika 5 za kukimbia taratibu, kisha kuinua magoti. Kujinyoosha kwa kutulia kumeachwa, maana kukizidi sekunde 60 kwa msuli mmoja kunaweza kupunguza nguvu. Na ifanyike saa 2 asubuhi: jua kali hupasha hata yule asiyepasha! Mwenye goti linalouma aandike takwimu.

Wengi walipanda juu zaidi baada ya kupasha. Wachache hawakubadilika, nao wamebaki kwenye jedwali, kila mmoja na mstari wake kwenye grafu.